Kushusha Impreza WRX bila kuua CV jointi, difu na giaboksi

Kaka mmoja wa Tabata kaniandikia, ana Subaru Impreza WRX ya 2006, turbo, gia 5 za kubadili kwa mkono, anaitumia kila siku na kila baada ya muda anatoka nayo Morogoro. Anataka kuishusha sm 5 kwa springi fupi na kuweka rimu za inchi 18. Fundi wake mmoja kamwambia ataua CV jointi (zile jointi za kwenye shafti zinazopeleka nguvu kwenye tairi) na difu (sanduku la gia linalogawa nguvu kulia na kushoto), fundi wa pili kamwambia hakuna shida yoyote, kata tu springi maisha yaendelee. Anauliza nani mkweli, na kama ataishusha afanye nini kulinda mfumo wa chini.

Kaka, fundi wa kwanza yuko karibu na ukweli ila kakupa nusu yake. Kushusha peke yake hakuui CV jointi. Kinachoua ni pembe ya shafti ikizidi, raba inayofunika jointi na grisi yake ikichanika bila we kujua, na tairi kuisha vibaya alafu ukaendelea kutembea nazo kwenye gari inayovuta tairi zote 4. Ukivishika hivyo vitatu WRX yako itadumu vizuri ikiwa imeshuka. Na kinga ya kwanza kabisa haiuzwi dukani, ni hicho kipimo chako cha sm 5. Punguza. Kwa gari ya kila siku kwenye barabara zetu mi nakushauri sm 2.5, mwisho 3, na ntakuonyesha kwanini.

Watu wengi wanadhani ukishusha gari basi kila kinachozunguka chini kinapinda. Sio hivyo. Kwenye Impreza giaboksi imefungwa kwenye bodi, na difu ya nyuma nayo imebebwa na bodi, bodi ikishuka vyote vinashuka pamoja, kwaiyo propela shafti inabaki na pembe ileile ya kiwandani, mtu asikuuzie vibao vya kuinua difu eti ili kunusuru propela. Ingekuwa gari yenye eksili ngumu nyuma, mfano Corolla AE86 au pikapu, hapo ndo propela inabadilika pembe kwasababu difu inabaki na tairi wakati giaboksi inashuka na bodi. Kwako zinazobadilika ni zile shafti 4 fupi, 2 mbele na 2 nyuma, zinazotoka giaboksi na difu kwenda kwenye tairi. Upande wa ndani umeshuka na bodi, upande wa nje umebaki palepale maana tairi liko juu ya lami haliendi popote, basi shafti inainuka upande wa tairi.

Sasa ingia ndani ya shafti yenyewe. Kila moja ina jointi 2. Ile ya nje ya mbele ni ya gololi, imetengenezwa kukunja sana kwasababu lazima ikubali usukani ukikata mpaka mwisho, nyuzi 40 na kitu, hiyo haitishwi na sm 3 zako. Mgonjwa wetu ni ya ndani. Kwenye shafti za mbele za Subaru nyingi za kipindi hicho utakuta ile ya rola 3 zilizokaa ndani ya kikombe chenye mifereji 3, na kazi yake kubwa ni kuruhusu shafti irefuke na kufupika tairi linapopanda na kushuka. Shafti ikiwa imenyooka rola zinazunguka pamoja na kikombe bila kutembea kwenye mfereji. Ikiwa na pembe, kila rola inaenda na kurudi ndani ya mfereji wake kwa kila mzunguko mmoja wa tairi, kama droo ya kabati inavyovutwa na kusukumwa. Pembe ya nyuzi 8 inaifanya itembee milimita 2 au 3 kila upande, unaweza kuona ni kidogo, ila ukiwa kilomita 80 kwa saa tairi lako linazunguka karibu mara 11 kila sekunde, na safari moja tu ya Dar hadi Morogoro, kilomita 190 hivi, tairi linapiga mizunguko kama laki moja. Kule kusuguana ndo kunazaa joto, joto linachosha grisi, grisi ikichoka chuma kinakula chuma. Alafu ukikanyaga mafuta nguvu ya turbo inabana rola kwenye ukuta mmoja wa mfereji huku rola yenyewe inalazimika kuteleza, hapo ndo unausikia ule mtetemo kwenye sakafu na usukani wakati unaongeza kasi, ukiachia mafuta unaisha.

Hesabu yake ni rahisi. Umbali kati ya jointi ya ndani na ya nje kwa gari za saizi hii ni kama sm 35 mpaka 40. Ukishusha sm 5 pembe ya shafti inabadilika nyuzi 7 mpaka 8. Ukishusha 2.5 inabadilika kama nyuzi 4 tu. Na kuna gari zinatoka kiwandani shafti ikiwa imelala kidogo kwenda chini upande wa tairi, hizo sentimita za kwanza za kushuka zinainyoosha badala ya kuipinda, kwaiyo wanaoshusha kidogo mara nyingi hawaoni madhara yoyote, matatizo yanaanza wanapovuka ule mstari wa kunyooka na kwenda mbali upande wa pili. Usibahatishe kwenye lako, pima. Gari liwe juu ya shimo la gereji limekalia tairi zake lenyewe, sio limening'inia kwenye jeki, weka simu yenye programu ya kupimia mwinamo juu ya shafti, soma namba kulia na kushoto, mbele na nyuma, uandike. Kama sakafu imeinama, weka kwanza simu kwenye fremu iliyo chini ya injini upate sifuri yako. Baada ya kushusha mi napenda kuona shafti iko chini ya nyuzi 6 au 7 gari likiwa limetulia, ikigonga 10 ujue mtetemo uko njiani.

Kuna kitu kingine ambacho mafundi wachache wanakisema. Gari lako ni la 2006, kama shafti ni zilezile lilizotoka nazo basi rola zimefanya kazi miaka yote hiyo sehemu moja ya mfereji na zimejichimbia kijibonde chao. Gari likiwa kwenye urefu wake wa kawaida husikii kitu maana rola imekaa kwenye bonde lake. Ukishusha, shafti inasogea ndani au nje kidogo, rola inahama inaenda kupanda kwenye ukingo wa lile bonde, na siku hiyohiyo gari linaanza kutetemeka, mtu analaumu springi mpya wakati ugonjwa ulikuwepo siku nyingi umejificha. Ndo maana kabla ya kununua springi fungua jointi za ndani za mbele, osha kikombe mpaka king'ae, kausha, alafu pitisha ukucha taratibu kwenye ukuta wa mfereji kuanzia mdomoni kwenda ndani. Ukucha ukiteleza moja kwa moja kikombe ni kizima hata kama kuna alama ya kung'aa. Ukucha ukikwama, hata kidogo, hicho kikombe usikirudishe kwenye gari inayoshushwa. Kama jointi ni nzima, badilisha raba na grisi tu ubaki na shafti zako orijino, usivutwe na zile shafti mpya za bei rahisi, nyingi zinatetemesha hata kabla hujashusha kitu, bora hata shafti orijino iliyotumika ambayo umeikagua kwa ukucha wako mwenyewe.

Siku ya kufunga kuna jaribio moja nakuomba usilikubali liruke, hata fundi akisema anachelewesha kazi. Mwambie akusanye shokapu za mbele upande mmoja bila springi ndani, aache ile raba ya kuzuia kugonga iwepo mahali pake, afunge shokapu kwenye gari, shafti iwe imefungwa kamili. Kisha gari likiwa juu ya stendi anainua habu (kile kitovu tairi linapofungwa) kwa jeki polepole kutoka inaponing'inia chini kabisa mpaka raba ya kuzuia inapobana, na kila sm 2 hivi anasimama. We uko chini na tochi. Shika shafti kwa mkono uisukume ndani nje, lazima ubaki na uchezaji kidogo katika kila hatua. Ikifika mahali shafti haisogei tena ndani, ujue jointi imefika mwisho wa kikombe, na ukipiga shimo gari likiwa hivyo shafti itasukuma difu ya mbele, ile iliyo ndani ya giaboksi, moja kwa moja, beringi za difu na sili za mafuta ndo zinapokea lile pigo. Hapohapo zungusha habu kwa mkono uangalie mikunjo ya raba, isigusane na fremu wala bomba, na isijibane yenyewe mikunjo ikasuguana. Ukiona inasuguana hapo gereji, barabarani itatoboka tu. Kama jaribio linafeli, ongeza urefu wa ile raba ya kuzuia au panda juu kidogo kwa springi nyingine, hakuna njia ya mkato.

Hili linanipeleka kwa fundi wako wa pili na grainda yake. Springi ukiikata inashuka na inakuwa ngumu zaidi kwasababu mizunguko imepungua, lakini shokapu ni ileile ya urefu wa kiwandani, kwaiyo inaishi karibu na mwisho wake wa chini, kila tuta inagonga. Na ukiinua gari tairi likaning'inia springi inalegea kwenye sahani yake, inaweza kukaa vibaya ikirudi. Hapana kaka. Nunua springi zilizotengenezwa kwa Impreza ya mfumo huo pamoja na shokapu zinazoendana nazo, au koilova (shokapu na springi za seti moja zinazorekebishika urefu) za maana zenye kurekebisha urefu wa bodi ya shokapu peke yake bila kuibana springi.

Raba na grisi. Hapa ndo shafti nyingi zinafia, zikiwa zimeshushwa au hazijashushwa. Raba ya ndani upande wa kulia mbele kwenye Subaru iko jirani na bomba la ekzosi, inapikwa kila siku, inakauka inapasuka kwenye mikunjo ya ndani ambako huioni ukichungulia kwa haraka. Kama mwenye gari wa zamani alibadili mabomba akatupa zile sahani za kuzuia joto, zirudishe, au tengenezesha kipande cha bati kikae kati ya bomba na raba pasipo kugusa chochote. Grisi iwe ile ya CV jointi yenye molibdenamu, kiasi kinachokuja na raba mpya, sio grisi ya beringi iliyobaki kwenye kopo, na usichanganye mpya juu ya ya zamani maana grisi za aina tofauti zikikutana zinaweza kuyeyuka zikawa uji. Ukiosha kwa petroli au mafuta ya taa hakikisha imekauka kabisa. Zile raba zilizopasuliwa za kugundisha kwa gundi ziache, pembe ikiongezeka mshono ndo wa kwanza kuachia. Alafu kuna hatua ndogo ya mwisho watu wanairuka, kabla ya kukaza klampu ndogo ya upande wa shafti weka shafti kwenye urefu itakaokaa gari likiwa chini, ingiza kitu chembamba kisicho na ncha chini ya mdomo wa raba hewa itoke na kuingia, raba ikae na umbo lake, ndo ukaze. Ukikaza shafti ikiwa imevutwa nje, raba inajifyonza ndani gari likishuka na ile mikunjo inakanyagana. Na kwa sisi wa pwani klampu ziwe za chuma kisichoshika kutu, chumvi na mchanga vinakula zile za kawaida, na ukishapita kwenye maji mengi kama yale ya Jangwani kipindi cha mvua, wiki hiyohiyo ingia shimoni ukague raba zote 8.

Kwenye bushi nitasema moja tu lakini likazie macho. Bolti za wishiboni (amu za chini za mbele) na zile amu za nyuma zilegezwe wakati wa kazi na zikazwe mwisho gari likiwa limekaa chini kwa uzito wake. Fundi akikaza wakati tairi zinaning'inia, bushi inabaki imejipinda muda wote na itachanika mapema, ikichanika tairi linacheza mbele na nyuma na shafti inacheza nalo. Nati kubwa ya shafti kwenye habu ni kinyume chake, hiyo usiilegeze wala kuikaza gari likiwa limekalia tairi, beringi ya habu inaumia, ikazwe tairi likiwa hewani mtu kakanyaga breki, nati iwe mpya na spana ya toki itumike.

Sasa tairi, na hapa naomba usome taratibu kwasababu ndo njia ambayo kushusha kunaua difu bila mtu kuunganisha mambo. WRX yako ya gia 5 ina difu ya katikati ndani ya giaboksi, imebanwa na kikapu chenye majimaji mazito kinachoshika pale mbele na nyuma zinapozunguka kwa kasi tofauti. Kimetengenezwa kufanya kazi kwa vipindi vifupi, utelezi, tope, kona. Subaru wenyewe wanataka mzingo wa tairi zote 4 usipishane zaidi ya robo inchi, yani milimita 6 hivi. Ukishusha, kemba, yani mlalo wa tairi, inaongezeka, juu ya tairi panalala kwa ndani, na mwelekeo wa tairi nao unahama, basi tairi za mbele zinaliwa upande wa ndani haraka kuliko za nyuma. Ndani ya miezi kadhaa mbele na nyuma hazilingani tena, na kile kikapu kinafanya kazi kila mita unayotembea hata ukiwa kwenye lami iliyonyooka, kinapata joto mpaka kinaharibika, ama kinashika muda wote ama hakishiki kabisa. Dalili ya kushika ni gari kuwa zito na kujivutavuta ukikata usukani mpaka mwisho taratibu kwenye maegesho, na hapo ule mvutano unapita kwenye shafti zote na gia zote.

Kwaiyo siku ileile uliyoshusha, kabla hujaenda popote, alaimenti ya tairi 4, sio mbele tu. Kemba ya mbele inarekebishwa kwenye bolti ya juu kati ya zile 2 zinazofunga shokapu chini karibu na habu, nyuma mwelekeo wa tairi unarekebishwa kwenye bolti za amu, mwambie mtu wa alaimenti umeshusha ili asikupe karatasi ya kijani bila kugusa kitu. Rudia tena springi zikishatulia baada ya wiki 2 au 3. Nunua tairi 4 za aina moja kwa pamoja, hamisha mbele nyuma kila kilomita 5,000 au 6,000, na pima mzingo kwa futi ya fundi cherehani kuzunguka katikati ya tairi, dakika chache tu. Ukipata pancha ya kuharibu tairi moja wakati zingine zimekwisha nusu, usinunue moja mpya. Hizo rimu za inchi 18 sina ugomvi nazo, ila chagua tairi ambazo kipenyo chote kwa nje kinabaki sawa na cha kiwandani, na usiongeze spesa nene (zile sahani za kusukuma tairi nje), spesa haibadilishi pembe ya shafti ila inaielemea beringi ya habu.

Mengine ni haraka. Mauntini za injini na giaboksi zikilala, injini inakaa chini na shafti zinapata pembe ambayo hukuihesabu, na kile kifimbo cha juu kinachoshika injini isijipinde nacho kina bushi, angalia vyote kabla ya kupima. Giaboksi hiyo inatumia mafuta mamoja na difu ya mbele, 75W-90 ya GL-5, karibu lita 3.5, badilisha, na difu ya nyuma pia, angalia sumaku ya nati ya kumwagia mafuta, uji laini wa kijivu ni kawaida, vipande vya chuma ni hatari, usishushe gari lenye vipande.

Kwenye uendeshaji, matuta usiyapande kwa pembe huku umekanyaga mafuta. Gari lililoshuka lina springi ngumu na mwendo mfupi wa shokapu kwaiyo tairi moja linaning'inia mapema, ukilipa nguvu ya turbo likiwa hewani likagusa lami ghafla, shafti inapokea pigo lote ikiwa kwenye pembe yake mbaya kuliko zote. Impreza aliyoshinda nayo dereva wa rally Colin McRae Safari Rally ya 1997 ilikuwa imeinuliwa na kupewa mwendo mrefu wa shokapu kwasababu hiyohiyo, barabara ndo inaamua. Panda taratibu, achia mafuta, tairi zote zikigusa chini ndo uondoke. Na usiondoke kwa kasi usukani ukiwa umekatwa mpaka mwisho, ukisikia tak tak tak kwenye kona hiyo ni jointi ya nje, ukisikia mtetemo unapoongeza kasi kwenye barabara iliyonyooka hiyo ni ya ndani, usibadilishe zote kwa kukisia.

Springi zako za zamani usiziuze kwa angalau mwaka mmoja. Mtetemo ukitokea baada ya kushusha, rudisha za zamani mbele peke yake, ufanye safari ileile kwa mwendo uleule. Ukiisha, jointi zako zinachukia ile pembe, utapanda juu sm 1 au utabadilisha vikombe. Ukibaki vilevile, tafuta kwingine, kuanzia kwenye mauntini na balansi ya tairi.